Kaburi Ndani ya Shamba la Rehani

Ninyi vijana mnaosoma safu hii kwenye simu na kuanza kujibu kabla hamjafika katikati, leo nivumilieni mpaka mwisho. Wiki iliyopita alifariki jirani yangu wa hapa Misugusugu, Mzaramo wa Kisarawe, mtani wangu. Mimi ni Mnyamwezi, kwa hiyo kumsema akiwa hai ilikuwa haki yangu, na kumsema akiwa jenezani ni wajibu wangu. Anayeona nakosa adabu akawaulize wazazi wake utani ni nini. Tena jambo lenyewe limefika kwangu, maana mjukuu wangu naye, mwenye kazi yake tayari, amepata chuo ng'ambo, cha shahada ya pili, alitaka niitoe hati ya nyumba yangu akakopee ada, na jibu alilitaka mwezi huu huu.

Marehemu alikuwa fundi uashi, na kuta nyingi za mtaa huu ni mkono wake. Mama yake alimwachia shamba la mikorosho huko Kisarawe. Kijana wake alikuwa na shahada moja na kazi ya ofisini Dar, mshahara unaingia, lakini wenzake walipoanza kupanda ndege naye akaona kubaki ni aibu. Siku moja baba mtu akaja barazani kwangu, kofia imekaa upande, anacheka peke yake.

"Mnyamwezi, shamba naliweka rehani."

"Lipi, la mama yako?"

"La nani tena? Kijana anakwenda kufanya masta."

"Kazi si anayo? Akirudi atafanya ipi?"

"Wewe mpagazi utayajulia wapi haya! Akirudi yule ataendeshwa, hagusi usukani."

"Ndiyo ninyi Wazaramo," nikamwambia, "hata ngoma ya mwali mnaicheza kwa mkopo."

Akacheka mpaka machozi, akaenda kusaini. Mkopo ukaandikwa kwa jina lake, mzee wa kupanda ngazi na ndoo ya zege, si kwa jina la msomi. Halafu ikafanywa sherehe ya kuaga, sare za kitenge, keki yenye umbo la ndege. Tangu hapo ukimuuliza, "Mtoto anaendeleaje na shule?" anakasirika: "Shule anasoma wa kwako. Wangu anafanya masta." Zikaja picha za theluji. Mtaa mzima tulionyeshwa theluji, mpaka mimi nikaanza kuvaa sweta nikimwona anakuja.

Kijana akarudi. Akakaa meza ile ile, na wale wale waliobaki, kwa mshahara unaofanana na wao. Kilichobadilika ni koti. Ukimgusia deni la baba yake anakueleza uchumi wa dunia, na akimaliza unajikuta wewe ndiye unayemwonea huruma. Mzee akaendelea kupanga matofali kwenye viwanda vinavyojengwa Kwala, umri ule, goti limevimba. Asubuhi moja presha ikamwangusha akivaa viatu vya kazi.

Tulimpeleka kwao Kisarawe. Kaburi likachimbwa katikati ya mikorosho, ubavuni mwa mama yake, ndani ya shamba lile lile la rehani. Hapo ndipo akili zilipowarudia watu: mkopeshaji akilichukua shamba, anawachukua na wazee wao. Kabla ya kuswalia jeneza, mdogo wa marehemu akasimama kama ilivyo desturi. Akasema, "Ndugu yetu alikuwa mtu kama sisi. Anayemdai asinyamaze, awaone watoto." Akamgeukia kijana, na watu wote wakamgeukia. Lilihitajika neno moja tu, kwamba deni la baba ni langu.

"Hilo la shamba," kijana akasema, "tutalikalia kama familia, kwa sababu soko la ajira kwa sasa..."

Nilikuwa upenuni na wanawake. Sikumngoja amalize. "Masta, kaa chini," nikapaza sauti, "ukamalizie kusoma!" Wapo waliocheka huku wanalia. Ndipo dada yake, aliyeishia kidato cha nne na anafungasha bidhaa kiwandani Zegereni, akasimama mlangoni.

"Baba mdogo, waambie ni langu. Baba asizikwe na maneno."

Mzee akazikwa. Binti ndiye atakayelipa safari ya mtu ambaye theluji yake yeye aliiona kwenye simu tu, kama mimi.

Sasa msiniandikie kwamba bibi wa darasa la nne anachukia elimu. Ningeichukia nisingejifunza kuwaandikia ninyi wenye vyeti mkanisoma. Hata kukopa sikukatazi, kwa anayejua anakwenda kuchukua nini na anarudi nacho wapi. Ninachokidharau ni mtu mzima mwenye shahada anayeogopa kusaini mwenyewe, akampelekea kalamu mzee asiyejua hata jina la somo. Na mzee kumpenda mwanawe si lazima aweke makaburi mezani. Mtani wangu hakukopea elimu. Alikopea kuitwa baba wa masta, na sisi majirani tukala pilau tukampigia vigelegele.

Tukiwa njiani kurudi mjukuu wangu, niliyekwenda naye mazikoni, akaniuliza, "Bibi, kwa hiyo nisiende?"

"Nani kasema? Ukirudi utafanya kazi gani ambayo leo huiwezi?"

"Inafungua milango ya riziki, Bibi."

"Mlango wa nani? Nitajie nikaupigie hodi."

Akaanza kuutafuta kwenye simu mpaka tukashuka.

Jioni ile nikawaita wote sebuleni, yeye na mama yake na wajomba zake, nikawaagiza hivi: hati ya nyumba hii haitoki. Anayetaka kusoma ng'ambo akope kwa jina lake. Na kabla hajasaini aje akae hapa mbele yetu, atuambie kwa mdomo wake atalipa kwa kazi gani. Akishindwa kusema, msimgombeze. Mpakulieni ale, akalale, asubuhi aende kazini.