Mtu wa Kufua Huchoka Mgongo

Basi kutoka Lodwar lilitushusha River Road asubuhi, vumbi la kaskazini bado limejaa masikioni. Ningeweza kulala gesti na kuendelea na safari zangu. Nimezoea kupita miji bila kufungua begi. Lakini miguu ilikuwa na lake. Nikaifuata Waiyaki Way hadi Kangemi, nikasimama mahali ilipokuwa ploti tuliyopanga chumba. Sasa ni ghorofa. Mfereji wa maji wa uani haupo tena. Nguo zinaning'inia kwenye roshani, na anayezifua humwoni.

Mama alikuwa akifua. Wewe uliyekulia vyumba vya mabati unaikumbuka harufu ile: sabuni ya kipande, maji ya bluu, githeri ya jirani ikichemka jikoni. Jumamosi tulipanda Uthiru kufua kwa mwenye ploti, kwenye boma lenye ng'ombe na nyasi zilizokatwa, mimi nikiwa na karai kichwani.

Msimu mmoja wa mvua, mtoto wao mkubwa alirudi kutoka chuo kikuu wenzake wakiwa bado masomoni. Alikaa uani akizungumza na ndama, mara analia, mara anacheka. "Anapumzika," mama yake alituambia. "Amechoka na vitabu." Akaletewa blanketi na maziwa moto. Mchungaji wao alikuja, akanywa chai, akamwombea kwa sauti ya chini. Mama alinionya nisigonge karai: mtoto wa watu amechoka.

Kabla mvua hazijaisha, Mama naye akaanza. Alisuuza shati moja tangu asubuhi mpaka watu wakawasha taa, akiusimulia mfereji mambo ya kwao magharibi. Chakula alikisahau. Mimi sikuogopa, maana ugonjwa huo niliujua jina. Wanawake walipokusanyika na ndoo zao, nikawaambia, "Msipige kelele. Mama amechoka. Anapumzika."

Walicheka mpaka maji yakamwagika.

"Ati anapumzika! Kwani ni bibi ya waziri?"

"Wee kijana," akasema jirani wa mlango wa pili akijipangusa machozi, "mtu wa kufua huchoka mgongo. Hiyo ni kichwa imeruka."

Tangu hapo watoto waliniita wa mwendawazimu. Mchungaji yule yule alikuja, safari hii hakuketi. Alimkemea pepo kwa sauti iliyofika barabarani, Mama akiziba masikio. Kisha akaja mke wa mwenye ploti.

"Wapangaji wanaogopa. Mjomba wako amchukue, ampeleke kwao."

"Lakini amechoka tu, kama kijana wako..."

"Koma! Usifananishe mtoto wangu na hiyo mambo."

Nilidhani angalau nyumbani angepumzika. Huko kulikuwa na chumba cha nyuma ambacho mlango wake ulifungwa kwa nje, na Mama alitoka humo siku ya kuzikwa. Kijana wa Uthiru, nasikia, alimaliza chuo, akaoa. Hakuna anayekumbuka kwamba aliwahi kuzungumza na ndama.

Siku tuliyoondoka Kangemi, mjomba alimfunga Mama mikono kwa leso yake mwenyewe. Tulingoja basi la magharibi kando ya barabara, karibu na lango la mwenye ploti. Kijana alikuwa amesimama hapo na blanketi lake mabegani. Akamtazama Mama.

"Mama," akasema, "na wewe unaenda kupumzika?"

Mama alikuwa hajamjibu mtu kwa wiki nyingi. Akainua mikono yake iliyofungwa, kama mtu anayeaga.

"Ndiyo, mwanangu. Nimechoka."

Mama wa kijana akatoka mbio, akamvuta ndani, akafunga lango. Basi likaja. Mjomba akatusukuma tupande.