Mgongo Wangu Ndani ya Jicho la Memsaab

Siku ninayoikumbuka, mjukuu wangu, ukungu wa kule mashambani Bahati ulishuka mapema hadi tukawasha karabai kabla ng'ombe hawajarudi kukamuliwa. Ile miaka ya hamsini ilikuwa inaelekea kwisha, na mimi nilikuwa msichana wa kazi kwa nyumba ya mzungu mjane, tukimwita Memsaab. Nilikuwa na miguu mizuri na kichwa kigumu. Usicheke, vyote umerithi kwangu.

Memsaab alikuwa ameenda kwao Ulaya na mtoto wa jicho, akarudi ametiwa kioo. Si miwani, kioo kidogo ndani kabisa ya jicho. Akigeukia dirisha kilimetameta kama macho ya paka.

Jioni hiyo nilipoweka karabai mezani, alishika kichwa akatapika kwa zulia. Jicho lilikuwa jekundu kama kaa la moto. Akasema kwa Kiswahili chao kile cha shamba, "Wambui, mimi naona upinde ya mvua kwa taa. Jicho nauma sana. Kwenda, ambia Otieno piga simu kwa daktari."

Sisi tulilelewa tukijua upinde ni kivuli cha mukunga-mbura, mnyama wa majini anayemeza mbuzi na watu wazima wazima. Nikajua ameingia nyumbani kupitia kile kioo. Nikakimbia. Sikuenda jikoni kwa Otieno mpishi, nilijificha kwa banda la kukaushia pareto, nikajifunika gunia. Nilimsikia akiniita. Halafu akaacha kuita, nami nikabaki ndani ya gunia hadi asubuhi.

Otieno alimpata asubuhi akipeleka chai. Daktari alisema kile kioo kilizibia maji ya jicho njia, presha ikapanda, ikaliua. Angeitwa jioni ile, pengine lingepona. Mzee Otieno hakunipiga. Aliniuliza huyo mnyama wetu anakaa wapi, nikasema mtoni.

"Basi ungemwogopea mtoni," akasema. "Humu ndani kulikuwa na mtu anaumwa."

Memsaab naye hakunifukuza. Siku moja namwekea taa, alinigeuzia lile jicho lililokufa, kioo bado kinang'aa humo, akasema polepole, "Hii jicho, kitu ya mwisho naona ni mgongo yako."

Nilifanya kazi kule miaka miwili zaidi, na chumba chake nilikuwa natoka kinyumenyume.

Wanasema majuto ni mjukuu. Mimi nina wajukuu kumi na mmoja, na hayo majuto ni wa kumi na mbili.

Leo mimi pia nina kioo jichoni. Vya siku hizi ni vizuri, usiviogope. Lakini mwezi uliopita, hapa mtaani kwetu Free Area, niliona rangi zikizunguka balbu, jicho likaanza kugonga. Mukunga-mbura nilimkumbuka, sikufichi. Nikamtoa mama yako kwa mkutano wa chama chake cha akina mama, tukafika hospitali siku hiyo hiyo. Ndiyo maana naona vile umesukwa vibaya.

Mficha maradhi kifo humuumbua, mwanangu. Ukiona rangi kwa taa na jicho linauma, sema hapo hapo. Na mtu akikwambia anaumwa, peleka ujumbe kwanza, uogope baadaye.

Mungu akupe macho ya kufika uzee wangu. Na yeyote atakayekutazama mara ya mwisho, auone uso wako.