Kipimo Kilicho Mbele ya Dawa ya Bure

“Elfu nane, mama. Bila hiyo hupati dawa,” karani wa dirisha la malipo hospitalini akamwambia mwanamke aliyekuwa mbele yangu.

“Ati elfu nane? Si bango lenu linasema dawa ya homa ya ini C ni bure?”

“Dawa ni bure. Kipimo cha kuthibitisha virusi ndicho unalipia.”

Mwanamke huyo, muuza mboga wa mtaa wa Landless hapa Thika, akaketi kando yangu, akipapasa kidole alichotobolewa kwa kipimo cha kwanza. “Wameniita kula, sahani ninunue,” akasema.

Hasira ilinipanda, kisha usingizi wa foleni ukanibeba. Nikaota Thika na Ruiru nzima tukipimwa, tukimeza vidonge, hadi ugonjwa ukasahaulika kama jirani aliyehama. Ndotoni hapakuwa na dirisha la malipo.

Niliposhtuka, yule mama bado alikuwa ameketi kando yangu.

Serikali, mmesema mtaumaliza ugonjwa huu. Mpimeni huyu mama leo, bure.