Nilitaja Jiwe, Sikumtaja Mtoto

Nyumba yetu ya Kibondo niliiuza kabla sijapata nyingine ya kununua. Wengi waliniambia nimefanya haraka, na ni kweli. Mume wangu alikuwa ametimiza mwaka tangu tumzike kwenye makaburi ya kanisa. Magoti yangu yalikuwa hayataki tena kupanda kutoka kisimani na ndoo, na binti yangu, mtoto wangu wa pekee, anafanya kazi Kasulu. Akatokea mnunuzi, mwenye duka la mabati na saruji pale mjini, mtu anayeheshimika. Nikafikiri nyumba Kasulu ziko nyingi, nitatafuta nikiwa huko huko.

Kwetu kiwanja hakiuzwi kwa karatasi peke yake. Mnaandikishana mbele ya mwenyekiti wa kitongoji, mnatembea mipaka na majirani, halafu mnakaa kunywa pombe ya ndizi. Kabla ya kikombe cha kwanza, mwenyekiti humuuliza muuzaji kama kuna kitu chake kinachobaki ndani ya mipaka. Hapo ndipo unaposema. Mihogo yangu nitakuja kuing'oa. Mti ule nimeubakiza. Kaburi la baba liko pale, lisiguswe. Usichokisema kabla watu hawajanywa kimekwenda na kiwanja. Nyumbani kwetu kazi hiyo ya kusema ilikuwa ya mume wangu. Mimi nilikuwa wa kuleta vikombe.

Siku hiyo mnunuzi alileta madumu mawili ya pombe kwa ajili ya mashahidi, na soda yake mwenyewe, kwa kuwa ni Mwislamu. Mwenyekiti akaniuliza, "Mama, kuna chako kinachobaki?"

Nikasema mihogo ya upande wa juu, mpaka ikomae.

"Na kingine?"

Nikasema jiwe la kusagia, lile jeusi, la mama mkwe wangu.

Watu wakacheka. Shemeji yangu, mdogo wa marehemu, akasema, "Shemeji, Kasulu wamekosa mashine?"

"Jiwe halidai umeme," nikamjibu.

Wakacheka zaidi, nami nikafurahi kidogo kwamba nimeweza kusema mbele ya wanaume.

"Ndiyo basi?" mwenyekiti akauliza.

"Ndiyo basi."

Wakanywa.

Kasulu nilipanga chumba kimoja. Kwa binti yangu ni vyumba viwili na wao ni watano, sikutaka kuwabana. Mwenye nyumba wangu ni mwanamke wa makamo, mume wake anauza vitenge sokoni, na yeye huniita bibi ingawa hatupishani sana umri. Niliweka jiwe langu nje ya mlango, nikaanza kuzunguka na dalali kuangalia nyumba. Pesa zilikuwa benki. Sikuwa na wasiwasi wowote.

Baada ya miezi mitatu nilirudi Kibondo kung'oa ile mihogo. Nilifika asubuhi. Nilipita nyuma ya nyumba, karibu na migomba, nikakuta vigingi vinne vimepigwa chini na kamba imezungushwa. Fundi alikuwa anachonga mpini wa sururu.

"Mwakeye, mama," akanisalimu.

Nikamuuliza hapo panajengwa nini.

"Choo," akasema. "Shimo futi ishirini."

  Nilikaa chini kwenye majani makavu ya migomba, fundi akadhani nimechoka na safari, akaniletea maji.

Pale kwenye kamba alizikwa mtoto wangu wa kwanza. Alikuwa wa kiume, aliishi siku nne. Enzi zile mtoto ambaye hajatolewa nje wala kupewa jina alizikwa karibu na nyumba, bila alama na bila msiba. Mama mkwe aliniambia nisilie, nikilia nitajifunga tumbo. Sikulia. Baadaye nikampata binti yangu, na sikuwahi kumtaja yule mtoto kwa mdomo, hata kwa mume wangu. Yeye naye hakumtaja. Lakini kila msimu alilima maharage mpaka pale, akaruka hatua tatu, akaendelea mbele. Nilimwona akifanya hivyo kwa zaidi ya miaka thelathini.

Namkumbuka yule mtoto. Sijawahi kumsahau. Ila siku ya kuuza, mwenyekiti aliponiuliza, nilitaja jiwe. Hilo ndilo ninalolishangaa mpaka leo. Neno la mtoto halikuwa kwenye ulimi wangu. Nilikuwa nimezoea kunyamaza kiasi kwamba hata nilipoulizwa mara tatu mbele ya mashahidi, halikuja.

Mnunuzi alipofika nilimwambia yote. Alivua kofia yake, akaishika mkononi.

"Mama, mbona hukusema siku ile?"

"Sikuwa nimezoea kumsema."

 Angeweza kuniambia kwamba watu walishakunywa, na hakuna ambaye angemlaumu. Badala yake akaniambia hawezi kuchimba choo mahali hapo hali anajua. Lakini upande wa juu ni mwamba mtupu, upande wa chini kuna kisima cha jirani, na familia yake inaingia kabla ya mvua. "Mchukue mtoto wako," akasema. "Nakupa mpaka mwisho wa mwezi ujao. Siku mtakayokuja, fundi wangu atawachimbia."

Nimchukue nimpeleke wapi? Nilikuwa nimeuza kwangu, na kwingine nilikuwa sina.

Nilianza na kanisa, nikaomba azikwe pembeni ya baba yake. Wazee wa kanisa walinisikiliza vizuri, wakakaa kikao, wakaniambia pembeni ya mume wangu pameshajaa, na mtoto asiyebatizwa hawajawahi kumpokea. Sikubishana nao. Kasulu nikaenda halmashauri kuulizia makaburi ya mji. Kijana wa mapokezi alikuwa mpole. Akataka kibali cha kufukua, na cheti cha kifo.

"Jina la marehemu?" akauliza, kalamu mkononi.

Nikamwambia hakuwa na jina. Akaiweka kalamu mezani.

Siku hiyo ndipo nilipomwambia binti yangu. Alikuwa anachambua mchele. Alisikiliza mpaka mwisho, mikono imetulia ndani ya ungo.

"Kwa hiyo mimi ni wa pili," akasema.

"Wewe ni wa pili."

"Na baba alijua, mimi tu ndiye sijui?"

"Tulijua wote wawili."

Aliendelea kuchambua mchele ule ule aliokwisha kuuchambua. Hakunilaumu. Afadhali angenilaumu.

Ikabaki njia moja, kupata nyumba yangu haraka, nimlete kwenye ardhi yangu. Dalali alifurahi kusikia kwamba sasa nina haraka. Alinipeleka kwa mwalimu mstaafu aliyekuwa anauza nyumba ya vyumba vitatu, bati zuri, miparachichi miwili uani. Tulielewana kila kitu. Yule mwalimu alikuwa anabaki kwenye nusu ya kiwanja, kwa hiyo tungekuwa majirani. Nikaona haifai kuanza ujirani kwa kuficha, nikamwambia nitakuja na mtoto wangu.

"Karibuni sana," akasema. "Yuko darasa la ngapi?"

Nikamweleza. Tabasamu lilimwondoka taratibu. Akasema atazungumza na ndugu zake, na siku ya pili alimpigia dalali kumwambia kwamba ndugu hawataki kaburi la ukoo mwingine karibu na watoto wao.

Nyumba ya pili ilikuwa Kagerankanda, ndogo, ila ina shamba. Njiani dalali alisimamisha pikipiki ili aniseme vizuri.

"Mama yangu, leo nakuomba kitu kimoja tu. Nunua kwanza. Ukishapewa hati, hata ukizika ukoo mzima nani atakuuliza?"

"Ataniuliza jirani."

"Sijasema udanganye. Nimesema unyamaze."

"Kunyamaza ndiko kulikonifikisha hapa."

"Haya," akasema, akawasha pikipiki. "Mteja kama wewe nikimpata wa pili, naacha kazi nikalime tangawizi."

Nilisema. Wale nao wakakataa, tena wakatusindikiza mpaka barabarani ili wahakikishe tumeondoka.

Mwezi ukafika mwisho. Sikuwa na ardhi hata ya kuweka kopo la maua. Nilikwenda Kibondo hivyo hivyo, kwa sababu nilikuwa nimeahidi. Shemeji alikuja na shuka jeupe. Mnunuzi alifunga duka lake asubuhi ile akaja kusimama nasi. Fundi akauliza wapi hasa, nami nikaonyesha, hatua tatu kutoka kwenye shina la mgomba. Sikuhitaji kufikiri.

Alichimba taratibu, kwanza kwa jembe, halafu kwa mikono. Akafika kiunoni. Udongo ulikuwa mwekundu, umejaa mizizi myembamba ya migomba. Akapanua upande wa kulia, akapanua na wa kushoto. Shemeji akaingia shimoni naye, akawa anaponda kila donge kwa vidole.

Hakuna kitu. Si mfupa, si kipande cha kitenge nilichomfungia.

"Labda umekosea mahali, shemeji," akasema kutoka shimoni.

"Sijakosea."

Fundi akasema kwa sauti ya chini kwamba kwa mtoto wa siku nne, kwa miaka hiyo yote na kwa mizizi hii, ardhi huwa haibakizi. Alishawahi kuona mahali pengine. Mnunuzi alisoma dua yake kimoyomoyo, midomo ikicheza.

Sasa niseme kilichonipata, maana nikikiacha nitakuwa naficha tena. Nilipoona hakuna kitu, nilipata nafuu. Ilinijia ghafla, kabla ya huzuni. Niliwaza: basi naweza kununua nyumba yoyote, sina tena la kuwaambia watu. Nilikuwa nimesimama juu ya kaburi la mwanangu nikiwaza miparachichi miwili ya yule mwalimu. Nilipojisikia nikiwaza hivyo nilishtuka kuliko siku ya vigingi. Niliomba maji, nikayashika bila kuyanywa.

Shemeji akauliza tufanye nini, afukie?

Nikamwambia ateke udongo wa chini kabisa, pale alipoishia. Akauteka kwa viganja, akaweka kwenye shuka, labda kilo saba au nane, akafunga fundo. Tukautia kwenye mfuko wa unga uliooshwa. Mnunuzi aliniuliza kama nimeridhika. Nikamwambia achimbe choo chake. Yeye akasema atasogeza shimo kadiri mwamba utakavyomruhusu, na kama utamruhusu kidogo, basi ni hicho kidogo. Sijui alisogeza kiasi gani. Sijarudi kuangalia.

Kwenye basi kondakta alitaka mfuko uende kwenye buti pamoja na magunia. Nilisema hapana. Akasema, "Bibi, unga wenyewe kilo tano unabebwa kama yai?" Abiria walicheka. Niliupakata mpaka Kasulu.

Chumbani niliuweka ukutani, karibu na kichwa cha kitanda. Sijui kama ule udongo ni yeye. Ninachojua ni kwamba palipokuwa chini yake ndipo ulipotoka.

Nyumba sijapata. Dalali amepunguza kunipigia. Kuna muuzaji mmoja wa nyumba nilimwambia kuhusu udongo, maana sasa hata udongo nausema, akasema mfupa angeuvumilia kuliko udongo, kwa sababu mfupa unajua ulipo.

Wiki iliyopita mwenye nyumba wangu aliingia kuniletea mboga, akauona mfuko.

"Bibi, hizo ni mbegu?"

"Ni mtoto wangu," nikasema.

Nilidhani ataniambia nihame. Nilianza hata kuhesabu vyombo vyangu kwa macho. Alisimama na bakuli mkononi. Nikamweleza kwa maneno machache, sasa ninaweza kuyasema kwa machache. Akaweka bakuli mezani, akatoka bila kuaga, nikasikia ndala zake zikizunguka uani.

Alirudi na matofali mawili.

"Hii sakafu mvua zikianza inatoa maji," akasema. "Shika hapo, tumnyanyue."

Tukamnyanyua.