Mutesi na Maua Yasiyozaa

Mutesi alifika Columbus mwaka 2013 akitokea Buffalo. Kule, katika mtaa wa West Side, theluji ilikuwa imemfungia mlango kwa siku mbili, naye akaapa kwamba majira mengine kama yale hayatamkuta. Shemeji yake aliyekaa Gahanna, pembeni mwa Columbus, akamtafutia kazi ya kuosha vyungu katika nyumba ya vioo ya chuo kikuu, mahali wanasayansi wanapokuzia mimea. Kwao, nyanda za juu za Kivu Kusini, alijulikana kwa kudarizi vitambaa vya kanisa. Huku hakuna aliyemuuliza anajua nini.

Humo ndani alikuwamo Kibet, Mkenya aliyekuwa akisomea shahada ya udaktari wa mimea. Mmea wake ulikuwa gugu dogo la jamii ya haradali, na ua lake halikuzidi punje ya mchele. Aina aliyoitafiti ilikuwa imeharibika jeni moja, ikawa maganda yake yanatoka mafupi, na mbegu zenyewe za kuhesabu kwa vidole. Swali lilikuwa moja tu: ile jeni inafanya kazi gani?

Profesa wake alikuwa na jibu kabla ya swali. Kasoro, alisema, iko upande wa mama, kwenye kijiyai cha ua, ambacho hakijui kuita chavua. Kibet akaandika sura tatu za tasnifu yake juu ya huyo mama mgumba. Kilichobaki kilikuwa ushahidi. Ilibidi afungue vichipukizi kwa kibano, atoe viungo vya kiume, kisha apake chavua ya mmea mwingine. Kwa bahati mbaya Kibet alikunywa vikombe sita vya kahawa kwa siku, na mikono ilimtetemeka. Maua ya mama aliyoyagusa yalikauka, naye kila lilipokauka moja aliandika: mama amekataa.

Siku moja Mutesi alisimama nyuma yake na ndoo ya vyungu.

"Kibet mwanangu, hilo ua unalinyonga."

"Mama Gisubizo, hii kazi ni delicate sana."

"Bon, nipe hicho chuma."

Akainamia kioo cha kukuzia, akafungua ua kama anayefumua uzi uliokosewa, na ua halikujua limeguswa. Tangu siku hiyo vyungu vikaoshwa haraka, na mchana ukawa wa maua. Akapandisha mia mbili. Wagonjwa aliwapa chavua ya wazima, na wazima aliwapa ya wagonjwa, kila upande akiufunga uzi wa rangi yake, mwekundu kwa mama mgonjwa na buluu kwa baba mgonjwa.

Wiki tatu baadaye wakahesabu. Maganda ya uzi mwekundu yalijaa mbegu hadi pomoni. Ya buluu yalikuwa matupu.

"Umechanganya nyuzi," Kibet alisema, uso umemshuka.

"Sikuchanganya. Mama hana neno. Baba ndiye shida."

Kibet akaanza kumweleza kuhusu zile sura tatu. Mutesi akacheka mpaka akakalia ndoo.

"Mume wangu wa kwanza alinirudisha kwa baba yangu na maneno hayo hayo. Miaka mitatu, hakuna mimba. Nikaolewa na Ezéchias, nikazaa sita."

"Na yule wa kwanza?"

"Alioa wengine wawili. Iko anawaombea mimba bado."

"Hiyo si sayansi, Mama."

"Sikusema ni sayansi. Nimesema, donc, uhesabu maganda."

Kibet akahesabu mara nne. Kisha akatazama chavua ya wagonjwa kwa hadubini. Mirija yake, ile inayopaswa kushuka hadi kwenye kijiyai, ilikuwa ikipasuka njiani. Sura tatu zikaenda kwenye pipa. Profesa alifurahi mno, akawaambia wageni kwamba yeye tangu mwanzo alikuwa na wasiwasi na baba.

Makala ilitoka mwaka 2015. Mutesi alishukuriwa mwishoni, kwa jina lililokosewa herufi mbili, baada ya fundi aliyetengeneza friji. Binti yake Gisubizo aliisoma kwenye simu, akauliza kwa Kiingereza kama huyo ni mama yake kweli. Mutesi akamwambia asonge ugali.

Kibet alipata shahada yake mwaka uliofuata, akaenda Louisville kuajiriwa na kampuni ya kusafirisha vifurushi. Kutwa alikokotoa njia za malori, na ofisini hapakuwa na ua hata la plastiki. Nyumbani kwao karibu na Eldoret, mama yake alitangaza kila mahali kwamba mwanawe ni daktari wa mimea. Mahindi yake yalipoanza kuwa manjano, akayapiga picha akamtumia.

Kibet aliitazama ile picha, kisha akaituma Columbus kwa Mutesi.

"Majani ya chini ndiyo ya kwanza?" Mutesi aliuliza kwenye simu, maji yakisikika yakimwagika.

"Ndiyo, Mama."

"Udongo umechoka. Aweke samadi ya ng'ombe. Hakuna ng'ombe kwenu?"

"Wako kumi na wawili."

"Sasa wewe, mwana, ulisoma nini miaka yote hiyo?"

Kibet akamshukuru, akamwandikia mama yake kwamba daktari amesema samadi.