Majani Niliyokataa Kula

Mwanangu, nilikuwa najigamba kwamba hakuna kitu duniani kinaweza kunishtua. Shule niliachia darasa la nne, nikachunia watu chai, na leo nina malori mawili yanayobeba majani ya chai kutoka Kapkatet hadi kiwandani. Nishtuliwe na nini?

Basi nakumbuka asubuhi moja nikiwa kwenye mizani, namba za upande mmoja zikapotea, nikazisoma vibaya. Moraa, karani wa kituo cha kupimia chai, akanicheka: "Mzee, leo hata namba zimekukataa? Si ulisema kusoma ni kazi ya wasio na lori?"

Wachunaji wakacheka, na mimi nikacheka. Kisha nikafunika jicho la kushoto, kama mtu anajikuna. La kulia likaniletea ukungu mweusi. Nikamwambia dereva anipeleke hospitali, mwanangu.

Hospitalini daktari akasema damu imeganda kwenye mshipa wa nyuma ya jicho. Akapima damu, akauliza nakula nini.

"Nyama, ugali, chai ya maziwa. Majani mimi nabeba, sili."

Mke wangu Chebet, aliyenifuata huko, hakuninyamazia. "Daktari, hata mboga ya managu, huo mnavu, kidogo anayoonja, lazima nichemshe mara mbili na kumwaga maji. Ati ni chungu!"

"Basi mama, na foleti nyingi, hiyo vitamini ya mboga, inamwagika na hayo maji."

Akanieleza polepole. Kuna kitu kwenye damu kinaitwa homosisteini. Foleti, ile ya mboga na maharagwe, husaidia kukishusha. Foleti ikipungua kinapanda, na kwa watu ambao kwao kiko juu, damu kuganda huonekana zaidi. Hakuapa kwamba ndicho kiliniumiza peke yake, lakini changu kilikuwa juu sana.

"Na jicho lingine?" nikauliza.

"Ndiyo maana tunaanza leo kulilinda, Mzee."

Tangu hapo, kila nikiamka nafunika jicho moja, halafu lingine, kabla sijasalimia mtu. Bado naogopa.

Mwanangu, kula mboga, na usizichemshe mpaka zife. Kula maharagwe. Usikimbilie kujinunulia vidonge vya foleti, upimwe kwanza. Na mwili ukikuambia kitu, usicheke na watu.

Mungu akuachie macho yote mawili uwaone wajukuu wako. Langu la kulia halijarudi sawa, na limenila shilingi elfu tisini na sita, mia nne na hamsini.