Safu ya Kutua

Sinywi pombe, sivuti chochote, na dawa ninayomeza ni ya presha tu, tena nusu kidonge. Nalisema hilo mapema kwa sababu najua mtakavyosema. Mke wangu mwenyewe alishalisema. Lakini kitabu ninacho mpaka leo, kimo ndani ya kopo la biskuti juu ya kabati hapa Akalla, kitongoji cha Stockholm, na asiyeniamini aje nimfungulie. Hajatokea mtu bado.

Mimi ni fundi injini. Ujanani nilipelekwa Ujerumani Mashariki kusomea ufundi, na bibi mwenye nyumba niliyopanga akanifundisha kusoma mwandiko wa kale wa Kijerumani, ili nimsomee barua za marehemu mumewe macho yake yalipofifia. Baadaye maisha yakanileta Stockholm, nikatengeneza mabasi hadi nikastaafu. Kustaafu huku, hasa majira ya baridi, ni kifungo. Basi nikaanza kuwasomea watu karatasi za wanajeshi wa anga wa Kijerumani wa ile vita kuu ya pili. Watu wanakuja na kijitabu cha mshahara, picha, barua mbili tatu, wanataka kujua baba au babu alikuwa kikosi gani na aliishia wapi. Jina la kikosi mara nyingi halikuandikwa waziwazi. Unalitafuta kwenye muhuri, kwenye namba ya posta ya jeshi, kwenye sahihi ya mkubwa wake. Ni kazi ya subira, na ina mwiko mmoja: karatasi ya mtu usiitie kalamu yako.

Mwaka juzi Furaha akanipigia simu. Furaha ni mama wa Kikongo tunayesali naye kanisa moja, alikuwa akihudumia wazee kwenye nyumba ya kulelea wazee kule Upplands Väsby. Akasema kuna bibi mmoja hapo, Ingrid, hana muda mrefu wa kuishi, na ana sanduku la karatasi za baba yake ambazo hakuna anayeweza kuzisoma. Nikaenda. Bi Ingrid alikuwa mwepesi kitandani hata shuka halikuonyesha kama kuna mtu. Mama yake alikuwa Mswidi, baba yake rubani wa Kijerumani ambaye hakumwona hata siku moja. Katika barua ya mwisho baba aliandika kwamba vita ikiisha atakuja Stockholm kuwachukua. Akanishika mkono, akaniuliza jambo moja tu: alitua?

Ndani ya sanduku mlikuwa na picha ya baba, uso wa upande mmoja, na kitabu cha safari zake za ndege. Kila safari ina mstari wake: alikoruka, saa aliyoruka, alikotua, saa aliyotua, na majina ya waliokuwa naye. Kurasa na kurasa, safi kabisa. Mstari wa mwisho una kuruka. Safu ya kutua iko tupu, na ya majina pia. Karani wa kikosi aliandika nusu, akangoja, na hakuna aliyerudi kumalizia.

Nilihangaika na sahihi na mihuri karibu miezi miwili. Kikosi nilikipata. Halafu, nyuma ya jalada, nikakuta barua ya mkuu wake imebandikwa. Ndege iliwaka moto juu ya bahari, ikazama na watu wote wanne. Hakuwa anakuja Stockholm wala nini. Alikuwa kazini.

Sasa ungekuwa wewe ungemwambia? Kwetu mgonjwa hapewi msiba. Mtu yuko kitandani anakata roho, unamwambia baba yake aliungua? Nimeficha misiba mingi kwa njia hiyo na sikuwahi kujuta. Basi siku moja mchana, hapa mezani kwangu, nikachukua penseli nikaandika kwenye safu ya kutua: Stockholm. Nikatazama saa ya ukutani, nikaandika na saa: tisa na robo. Nikaiga mwandiko wa karani vizuri tu. Mke wangu alisimama nyuma yangu na sufuria mkononi, akaniuliza kwa nini namwandikia maiti mambo ambayo hakuyafanya. Nikamwambia aangalie wali wake.

Kesho yake nikakitia kitabu kwenye mfuko, nikapanda treni ya kwenda Väsby. Mnajua Desemba ya huku, saa tisa alasiri giza limeshaingia. Behewa lilikuwa na watu wengi, kila mtu na simu yake. Nilisikia harufu kwanza. Petroli ya ndege. Mimi ni fundi, siwezi kuichanganya na dizeli ya basi. Nikainua macho. Kiti cha mbele yangu, kilichokuwa kitupu, kimekaliwa na kijana mwenye koti la ngozi, maji yanamchuruzika mpaka sakafuni. Saa ya behewa ilionyesha tisa na robo. Uso nilikuwa naujua, nimeulaza mezani kwangu miezi miwili. Upande wa pili wa uso huo, ule ambao haukuwa kwenye picha, haukuwa na ngozi.

Akazungumza Kijerumani, taratibu, kwa adabu.

"Umeandika nimetua. Basi nimetua."

Nikajikaza, nikamuuliza wenzake wako wapi.

"Hukuwaandika," akasema. "Kwa hiyo ndegeni nina nafasi tatu."

Treni ikasimama Rotebro, kituo kimoja kabla ya Väsby. Nikaruka nje kama kijana, milango ikafungwa, yeye amekaa palepale ananitazama kupitia kioo. Nikampigia Furaha simu, nikamwambia funga mlango, leo mtu yeyote asiingie kwa Bi Ingrid.

"Papa," Furaha akasema, "kijana wako amekwisha kufika. Alisema ni wewe ulimtuma. Nimemfungulia."

Treni niliyomwacha ndani yake ilikuwa haijafika hata Väsby, niamini.

Nilipofika, Bi Ingrid alikuwa ameshakufa. Nywele zake zilikuwa zimelowa, na chumba kizima kilinuka petroli. Miguuni alikuwa amevaa viatu, mtu ambaye hakusimama kwa miaka miwili. Mkono wake mmoja uling'ang'ania chuma cha kitanda, hata Furaha alilazimika kuvitoa vidole kimoja kimoja. Niliuliza kama alifurahi kumwona. Furaha akalia. Akasema bibi alikuwa anakataa, alikuwa anasema kwa Kiswidi hapana, hapana, mpaka sauti ikaisha.

Nilitaka afe kwa amani. Hicho tu ndicho nilichotaka.

Usiku ule nilifungua kitabu. Chini ya mstari wangu palikuwa na mstari mpya, kwa penseli, kwa mwandiko wangu mwenyewe usioigwa. Kuruka: Stockholm. Saa: tisa na dakika ishirini. Waliomo: rubani, Ingrid. Baada ya hapo nafasi mbili tupu. Na safu ya kutua, tupu. Nilifuta kwa raba mpaka karatasi ikachanika. Asubuhi karatasi ilikuwa nzima na maandishi yako palepale. Kukichoma nilishindwa, nani anajua waliomo watateketea au watatoka?

Tangu hapo sisomi karatasi za mtu. Ndugu yangu, ukikuta kwenye makaratasi ya wazee wako mahali palipoachwa wazi, paache wazi. Usimalizie, hata kwa huruma. Hasa kwa huruma.

Nafasi ya kwanza kati ya zile mbili bado ni tupu. Mimi niliandika, Furaha alifungua mlango, na nilijua tangu mwanzo kwamba hesabu inatuhusu sisi wawili. Ya pili ilijazwa mwezi uliopita, na jina ni la Furaha. Wiki ileile akalazwa, mapafu yamejaa maji, madaktari hawaelewi. Nilipokwenda kumwona chumba kilinuka petroli. Akanivuta karibu, akaniuliza kwa sauti ndogo kama jina lake limo kwenye kitabu.

Nikamwambia halimo.